Kilele cha Debe

Kule nilikokuwa, siku haikupimwa kwa jua. Jua lilichomoza na kuzama nje ya kuta kama jambo la watu wengine, na sisi ndani ya Ukumbi tulipima siku kwa debe. Debe lako likijaa korosho nyeupe, zilizobanguliwa na kumenywa ngozi, siku yako imekwisha. Inuka, nawa jivu, nenda kwenu. Lisipojaa, siku yako bado ni ile ile, hata kama jua limekwenda na kurudi mara mbili. Nimewahi kuishi siku moja ambayo mvua ilianza ndani yake, ikakatika, na majani yakaota mlangoni kabla sijaimaliza. Sikushangaa. Mtu akiingia mahali akiwa mdogo huona kila kitu cha pale kimeumbwa hivyo tangu dunia kuwekwa.

Sasa ndiyo nashangaa, na nimechelewa. Swali langu ni moja tu, na naona haya kuliuliza kwa sauti: nani aliipa siku urefu wake? Zamani nilidhani ni yule aliye juu. Kisha nikadhani ni sheria. Leo najua kwamba kuna kipande cha urefu ule nilichokiongeza mimi, kwa mikono hii, nikiwa nimepiga magoti na kutabasamu.

Ukumbi ulikuwa mrefu kiasi kwamba aliyekaa mwisho hakuwahi kuonana na aliyekaa mwanzo. Tulikaa wanawake tu, kila mmoja kwenye kigoda chake, mbele yake jiwe, mkononi rungu fupi la mti. Unaiweka korosho juu ya jiwe kwa ubavu, unagonga mara moja, ganda linafunguka, unachomoa kokwa nzima. Ukigonga kwa hasira inavunjika, na iliyovunjika haiingii kwenye debe. Kwa hiyo tulijifunza kugonga bila hasira. Hebu fikiri: mikono yote ile yenye rungu, na hakuna hata mmoja wenye ruhusa ya kukasirika.

Ganda la korosho lina mafuta meusi yanayounguza. Tulipaka jivu, lakini jivu huchoka kabla ya mkono. Vidole vyangu viliungua, vikachubuka, vikaota ngozi nyingine, mpaka ile mistari ambayo kila mtu huzaliwa nayo ikafutika. Siku moja nilibonyeza kidole gumba kwenye udongo mbichi, nikaona kishimo kitupu, laini, kama mahali ambapo hajapita mtu.

Juu yetu palikuwa na dari ya mbao. Madebe yaliyojaa yalivutwa kwa kamba yakapita kwenye tundu la dari, na baada ya kitambo tulisikia kutafuna. Huyo ndiye Mwenye Ukumbi. Hatukumwona, wala hatukuijua sauti yake. Tulimjua kwa meno. Alitafuna polepole, kama mtu asiye na njaa. Hilo lilinisumbua kuliko yote. Angekuwa na njaa ningemwelewa.

Hata jina langu nililiacha mlangoni pale. Siku ya kwanza, msimamizi, Bwana Kasembe, alinionyesha kigoda cha karibu na mlango, akasema, "Karibu, Esha."

"Mimi Shemsa," nilijibu, kwa sauti ambayo mwenyewe sikuisikia vizuri.

"Kigoda hiki ni cha Esha. Ukikaa wewe Shemsa, mimi nitaandika nini? Esha hajawahi kukosa kazi, hajawahi kuumwa, hajawahi kulalamika. Unataka kumharibia mwenzako?"

Wanawake wakacheka. Nikakaa. Baadaye nilijua kwamba aliyenitangulia naye aliitwa Esha, na aliyemtangulia yeye pia, kurudi nyuma mpaka Esha wa kwanza kabisa, ambaye hakuna aliyejua alikwenda wapi. Wanawake walichoka, waliugua, waliondoka, Esha alibaki. Nyakati nyingine nilihisi kwamba ni yeye anayenivaa mimi asubuhi.

Aliyeniita kwa jina langu alikuwa mmoja tu, Somoe, jirani yangu wa mkono wa kulia. Yeye alikataa jina la kigoda. "Kama kigoda kinataka kuongea na mimi, kiniite Somoe," alimwambia Kasembe, na Kasembe akaona ni heri anyamaze. Somoe alikuja kazini mtoto wake wa kike, Swaumu, akiwa ametoka arobaini tu. Alimwacha kwa mama yake ng'ambo ya bonde. Ukisimama mlangoni pa Ukumbi unaliona bati la nyumba ile. Alikuwa akijihesabia kwa vidole: debe hili, debe lile. Kwa hesabu ya madebe, Swaumu alikuwa na miezi minne.

Basi siku moja alirudi kutoka kwao akakaa bila kusalimu.

"Ana meno," alisema.

"Mashallah. Mawili?"

"Sita. Na anatembea, Shemsa. Amepita mbele yangu akienda zake, kama mtu anayepita kwenye mti."

Hapo ndipo Somoe alipoanza kulitazama debe. Sisi wengine tulikuwa tukilijaza, yeye alilitazama.

Debe la kwanza, wanasema, lilikuwa halifiki gotini. Esha wa kwanza alipolijaza alifurahi mno kwa kupata kazi, akaongeza makonzi mawili juu, likawa na kilele. Kwetu ndivyo tunavyopima. Muuza mchele akipitisha kijiti juu ya kibaba ili kiwe sawa na ukingo, watu humtazama ile mikono kisha huenda kwa mwingine. Kilele ndicho kinachomwambia mtu kwamba ameonekana, kwamba hakupimwa kama mawe. Basi aliyekaa karibu na Esha aliona aibu kupeleka debe lililolala, naye akaweka kilele. Na wa pili yake, na wa tatu yake, mpaka mwisho wa Ukumbi tusikokujua.

Korosho za vileleni zikawa zinamwagika debe likivutwa juu. Kasembe, kwa nia njema, kama alivyosema, akamwita fundi bati alehemu ukanda mmoja juu ya ukingo, upana wa vidole vinne, ili zisimwagike. Debe likameza kilele. Na debe hilo jipya, likijaa mpaka ukingoni, lilikuwa limelala tena, likionekana limepunjwa. Tukaweka kilele. Fundi bati akaitwa. Mimi niliukuta ukanda wa tatu, na wa nne ulilehemiwa mbele ya macho yangu, nikashika debe lisitikisike. Hatukuwahi kuongezewa kazi kwa amri. Nasema hivi ili ieleweke vizuri. Hakuna aliyetuamuru chochote. Shule niliiacha darasa la tano, kabla hatujafika kwenye somo la ujazo, na huenda ningefika ningejua mapema kwamba kitu kinaweza kukua kwa adabu tu.

Sheria ilikuwepo. Tulisikia habari zake kama tunavyosikia habari za mto ulio mbali. Ilisema kipimo cha siku kiandikwe na mkaguzi, na kikishaandikwa, asikizidishe mtu yeyote, hata aliye juu ya dari. Lakini mkaguzi hakuwahi kufika. Kisha ikaja habari kwamba amevuka maji, anakuja.

Somoe alitukusanya kwenye mtungi wa kunawia. Tulikuwa kama ishirini.

"Jamani, sikilizeni. Huyu mtu haandiki anachoambiwa. Anaandika anachokiona. Anajaziwa debe moja mbele yake. Linapoachiwa, hapo hapo anapiga muhuri."

"Basi tumwonyeshe nusu kikombe, twende tukalale!" alisema Bi Zaituni, mkubwa wetu kwa umri, na watu wakaangua kicheko.

"Tumwonyeshe haki yenyewe, Bi Zaituni. Ule mshono wa kwanza, wa chini kabisa, unaonekana bado kwa ndani. Hapo ndipo palipokuwa ukingo. Tujaze mpaka hapo, basi."

"Bila kilele?"

"Bila kilele."

"Mbele ya mgeni? We Somoe, kwani umezaliwa wapi?"

"Nimezaliwa hapo ng'ambo, na mwanangu yuko hapo hapo. Jana nimemsikia akimwita bibi yake mama. Mimi ananiita 'we'."

Mtu mmoja akamwaga maji taratibu ili apate kitu cha kufanya.

"Mkaguzi ataanzia mlangoni," Somoe akaendelea. "Kigoda cha kwanza. Shemsa."

Wote wakanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze.

"Huyu?" alisema Bi Zaituni. "Mwanangu, sina ubaya na wewe, lakini wewe ukiumwa na siafu unamwomba radhi."

"Ndiyo maana namtaka yeye. Haambiwi aseme neno. Anaambiwa asimame mahali." Somoe akanishika mikono yote miwili, mikono yake ikiwa laini kama yangu, bila mistari. "Ukifika kwenye mshono wa kwanza, mikono yako iweke mapajani. Hayo tu. Utaweza?"

Nikaitikia kwa kichwa. Niliona ni kazi nyepesi kuliko zote nilizowahi kupewa.

Mkaguzi alikuja kwa miguu. Hilo sikulitegemea. Nilimngoja mtu mnene, mwenye sauti, mtu ambaye ningeweza kumnyima. Aliyeingia alikuwa amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, kiatu kimoja kimeachama, muhuri ameufunga kwenye kitambaa kama mtu aliyebeba yai. Sura yake haikutulia. Ukimtazama kwa upande alifanana na kaka yake bibi yangu. Ukimtazama mbele alikuwa kijana. Akiinama alikuwa mtu niliyepishana naye njiani miaka mingi iliyopita na kushindwa kumsalimu.

Alisimama mlangoni akatutazama, akasema, "Hamjambo, kina mama. Poleni na kazi."

Marungu yote yakasimama. Hata juu ya dari meno yalitulia. Nilijaribu kukumbuka lini neno lile lilisemwa mle ndani, sikukumbuka. Lilianguka kwenye kifua changu likakaa hapo, lina joto.

Akavuta debe tupu, akaligeuza, akalikalia mbele yangu. "Nionyeshe, binti yangu."

Nikaanza kujaza debe langu kwa kokwa zilizokwisha kubanguliwa. Korosho zilitoa mlio wa mvua ya kwanza kwenye bati. Nilipiga magoti ili nione vizuri ndani. Upande wa kulia rungu la Somoe lilikuwa limesimama hewani. Mshono wa kwanza ulikuwa pale, mstari mweusi, umeinama kidogo upande mmoja. Korosho zikaufikia. Zikaugusa.

Hapa. Ni hapa.

Mikono mapajani. Sasa.

Lakini juu ya mshono palikuwa na bati tupu, refu, linang'aa, karibu urefu wa mkono. Uwazi ule wote. Na mtu ametoka mbali, amekaa chini, amesema pole. Atauona uwazi ule. Atajua kwamba nimempunja. Bibi yangu alinipiga mwiko siku niliyompimia mgeni mtama ukawa sawa na ukingo wa kibaba: unampimia mtu kama unamfukuza? Mwiko ule niliusikia kwenye vifundo vya vidole. Acha, Shemsa. Konzi moja tu, kuondoa aibu. Acha. Moja nyingine, isionekane ile ya kwanza ilikuwa ya kusitasita. Mshono wa pili. Nani anajaza? Si mimi. Ni Esha, yeye hajawahi kuacha. Mshono wa tatu. Somoe akakohoa. Nilimsikia, na nilielewa, na mikono ikaenda. Wa nne. Ukingo.

Hata pale ningeweza kuacha. Ukingo nao ni mahali pa kuachia. Nikachota makonzi mawili, nikayaweka juu, nikakizungusha kilele kwa viganja mpaka kikawa kizuri, kimechongoka, hakuna hata kokwa moja iliyoteleza. Kisha nikasema neno pekee nililomwambia mkaguzi.

"Karibu."

Mkaguzi alikitazama kilele kwa muda mrefu. "Hivi ndivyo mnavyojaza?" aliniuliza. Alinisogelea kidogo alipouliza, na mpaka leo nadhani alikuwa akinipa nafasi.

Nikainamia debe. Kasembe akanijibia. "Esha yuko hapa tangu mwanzo, mheshimiwa. Hajawahi kujaza vingine."

"Huyo si Esha!" Somoe alikuwa amesimama. "Anaitwa Shemsa, na hilo debe limerefushwa mara nne. Tazama ndani, mheshimiwa. Kuna mishono. Mwaga uone!"

"Mama, nakusikia," alisema mkaguzi, na sauti yake ilikuwa ya upole na uchovu. "Lakini kila ninapokwenda, mwenye ukumbi anasema lake na mfanyakazi anasema lake. Ndiyo maana sheria ilinipa macho, haikunipa masikio. Debe limejazwa na mmoja wenu, hakushikwa mkono, hakutishwa. Nimeona."

Akapima kwa rula yake, kutoka sakafuni mpaka ncha ya kilele. Akafungua kitambaa, akapiga muhuri ukutani, usawa wa ncha ile, akaandika: kipimo cha siku kisizidi hapa. Bi Zaituni alimwuliza atarudi lini. Alisema kumbi ni nyingi na yeye ni mmoja, na muhuri hufutwa na muhuri mwingine tu. Nilimnyooshea kokwa moja, akatikisa kichwa. Hairuhusiwi, alisema, akanishukuru kwa jinsi nilivyompokea. Alipotoka, kiatu chake kilichoachama kilipiga sakafu mpaka nje. Juu ya dari kutafuna kukaanza tena.

Nimeifikiria siku ile kwa kila namna. Sikuhongwa, sikuogopeshwa. Sheria yenyewe ilikuwa nzuri. Nalisema hilo bila kejeli, maana tulihitaji kitu cha kumwambia aliye juu kwamba basi, inatosha, na kitu hicho kilikuja kwa miguu yake kutoka mbali. Tangu siku ile hakuna debe lililozidi muhuri hata kwa upana wa ukucha. Kasembe alikuwa mkali sana kwa hilo. Sheria ilitulinda, na ilianza kutulinda pale nilipoishia mimi. Ningeishia chini, ingetulinda chini. Mtu hawezi kuilaumu kamba kwa kufungwa palipofungwa.

Wema pia nimeufikiria. Nilidhani wema ni kitu kimoja popote unapouweka. Konzi ile ya juu, ukimwekea jirani, kesho anakuwekea wewe, na inazunguka, na kijiji kinaishi. Tulipoiweka kwenye debe la yule juu, haikuzunguka. Ilipanda kwenye tundu la dari ikabaki huko, na chini tukaachiwa urefu wake. Kwa nini sikujua tofauti? Nilikuwa na mikono ya kutosha kujua. Nilikuwa na Somoe, aliyenieleza kwa maneno ambayo mtoto angeyaelewa. Mikono mapajani. Naiweka mapajani sasa, wakati wowote, hata nikiwa nakula, najikuta nimeiweka hapo, na hakuna mtu anayeandika.

Fundi bati alilehemu ukanda wa tano, wa mwisho, mpaka kwenye muhuri. Debe likanifika kiunoni.

"Angalau ungempa na chai," Bi Zaituni aliniambia, "maana kwa ulivyompakulia!" Hakuna aliyecheka, naye mwenyewe akaona haya, akanigusa bega.

Somoe hakunitukana. Alingoja wengine warudi kwenye vigoda vyao. "Kwa nini, Shemsa?"

"Alisema pole."

"Alituambia sote."

"Najua."

Akageukia jiwe lake. Akagonga, ikavunjika. Akagonga, ikavunjika. Akagonga ya tatu, nayo ikawa unga. Miaka yote, kama ilikuwa miaka, sikuwahi kumsikia akivunja.

Nikaanza kufanya kitu nilichoweza. Kila alipoinama kuchota jivu nilihamisha konzi kutoka kwenye debe langu kwenda kwenye lake. Siku yangu ikarefuka mpaka nikaacha kuulizia jua. Sijui ni mara ngapi lilipita. Najua kwamba lilikuwa juu bado, jeupe, mlangoni, wakati debe la Somoe lilipojaa mpaka kwenye muhuri, naye akalitazama kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake.

"Hili limejaaje?"

"Nenda," nilimwambia.

"Shemsa, wewe ndiye—"

"Nenda, Somoe. Hajalala saa hizi. Utamkuta anacheza."

Alinawa upesi upesi, jivu likabaki kwenye viwiko. Nilisimama mlangoni nikamwangalia. Alishuka bondeni akikimbia, kanga ikimteleza begani, akiipandisha na ikiteleza tena, kisha akapanda upande wa pili, akaingia chini ya lile bati. Nilirudi kukaa. Kwa mara ya kwanza tangu mkaguzi aondoke nilihisi kifua kimepungua uzito. Nikajiambia, kama ndivyo, nitajaza madebe mawili kila siku. Nitajaza mpaka nizeeke. Ni sawa.

Sikuwa nimefika mbali kwenye debe langu nilipoona mtu anakaa upande wa kulia. Somoe akachukua rungu lake.

"Hukumkuta?"

"Nimemkuta." Akaweka korosho juu ya jiwe, hakugonga. "Alikuwa mlangoni na bibi yake, wanachambua mchicha. Nikamwinua. Akalia, Shemsa. Si kilio cha kudeka. Alilia kama anaibwa."

"Angekuzoea. Ungekaa kidogo."

"Nilikaa. Mama alisema nimweke chini, nikae pembeni mpaka atulie. Nikakaa pembeni. Akatulia. Akawa ananichungulia nyuma ya mguu wa bibi yake." Akaigeuza korosho juu ya jiwe. "Mikono hii nikaikunja, nikaikunjua, nikaificha chini ya kanga. Sikujua niiweke wapi. Huku najua."

Nilisogea kidogo kumpisha, naye akavuta debe tupu lililokuwa nyuma yake, akaanza siku nyingine.